Kadi ya hiari tumekwisha kuijaribu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha, ambaye barua yake uliichapisha hivi karibuni. Alishauri kwamba nchi yetu isikimbilie kuwaingiza wananchi wote katika bima ya afya kwa mkupuo mmoja, na badala yake irekebishe kidogo kidogo kile kilichopo: dawa ziongezwe katika zahanati, Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) uimarishwe, elimu itolewe, na kila mwananchi aachiwe hiari ya kujiunga pale atakapoiona faida. Barua ile iliandikwa kwa utulivu, na mengi aliyoyaeleza kuhusu hali ya zahanati zetu ni kweli. Hitimisho lake ndilo ninalolikataa, kwa sababu njia anayoipendekeza nimeitembea kwa miguu yangu na nimeona inakoishia.

Nilikuwa afisa mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa katika kata moja ya Moshi Vijijini. Kazi ile haikuwa ya mezani. Nilipita kihamba kwa kihamba, yaani nyumba hadi nyumba katika mashamba yetu ya migomba, nikiwa na simu, nikiwapiga picha wanakaya mmoja baada ya mwingine, nikijaza taarifa zao katika mfumo, nikipokea shilingi 30,000 na kuwaeleza kwamba kwa fedha hiyo kaya yao ya watu wasiozidi sita itatibiwa mwaka mzima, kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ilimradi wafuate ngazi za rufaa. Niliyaamini maneno hayo nilipokuwa nikiyasema. Mfuko ule ulikuwa na historia ndefu. Ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, na Serikali iliahidi kuongeza shilingi moja kwa kila shilingi iliyochangwa na wananchi, utaratibu tuliouita tele kwa tele. Ulipoboreshwa mwaka 2018 iliondolewa kasoro kubwa ya zamani, ile ya mwanachama kutibiwa katika kituo kile kile alichojiandikishia. Yalikuwa marekebisho ya busara na ya kiasi, ya aina ile ile anayoitaka msomaji mwenzangu.

Msimu wangu wa kazi ulikuwa Desemba, watoto walioko Dar es Salaam na kwingineko wanapopanda nyumbani kwa Krismasi na kuwalipia wazazi wao. Nje ya mwezi huo niliandikisha kwa shida. Pamoja na simu nilikuwa na daftari langu la kawaida, na hadi leo ninalo. Nikiupitia ukurasa wake wa kwanza naona jambo ambalo sikuliona wakati naandika. Kaya ya kwanza ina bibi mwenye kisukari na shinikizo la damu. Ya pili ina mama mjamzito ambaye ujauzito wake uliotangulia ulimletea kifafa cha mimba. Ya tatu ina mtoto wa pumu, na ya nne ina mzee aliyekuwa amepangiwa upasuaji wa tezi dume. Ukurasa una kaya kumi na moja, na sikumbuki hata moja iliyojiunga ikiwa haina mgonjwa ndani. Vijana wa kijiwe cha bodaboda niliokuwa nikiwapita kila asubuhi hawamo. Mmoja wao aliniambia kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee. Elfu thelathini ni mafuta ya siku kadhaa, na mimi siumwi. Nikiumwa nitakuja." Kijana yule alikuwa amekieleza kwa maneno machache kile kinachoiua kila bima ya hiari. Mwenye afya husubiri, mgonjwa huwahi, na mfuko hubaki na wagonjwa watupu wanaolipiana.

Asidhani mtu kwamba hili ni jambo la vijijini kwetu tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, ukichukua asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mwajiri na nusu kwa mtumishi, na pamoja na matatizo yake umeweza kusimama kwa sababu mtumishi haulizwi kama anaumwa kabla ya kukatwa. Mfuko huo huo ulipofungua milango ya hiari, mambo yaligeuka. Toto Afya Kadi ilitolewa kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, Mfuko ukieleza kwamba wazazi wengi waliwaleta watoto waliokuwa tayari wanaumwa. Vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza, vilivyozinduliwa mwaka 2019, navyo vilikumbwa na tatizo hilo hilo. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Mzazi mwenye mtoto wa moyo akioneshwa mlango wa shilingi 50,400 ataupita, nami ningeupita. Kosa ni la mpango uliotarajia kwamba wazazi wa watoto wazima nao watapita hapo kwa kupenda kwao.

Hesabu ya CHF yenyewe inapaswa kutazamwa kwa ukaribu, maana wengi huizungumzia bila kuipiga. Shilingi 30,000 ukizigawa kwa watu sita ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 14 kwa siku. Hata tele kwa tele ikitimizwa yote, hazifiki shilingi 28. Kwa fedha hiyo kituo kinatakiwa kitoe vipimo, dawa, kulaza na upasuaji wa dharura, tena kwa wanachama ambao, kama daftari langu linavyoonyesha, karibu wote wana maradhi. Matokeo yake niliyaona mlangoni kwangu. Jioni moja alikuja mama mmoja, mjane anayeuza maziwa, kadi yake ameifunga katika pindo la kanga. Alikuwa ametoka zahanati. Alipokewa vizuri, akapimwa, akaandikiwa dawa tatu, na dirishani akapewa moja, ile ya kutuliza maumivu. Nyingine akaambiwa akanunue. Alinionyesha cheti pamoja na kijikaratasi cha duka la dawa muhimu alikokwenda kulipa shilingi 8,500. Aliniuliza bila hasira yoyote, "Sasa baba, kadi hii uliniandikia ya nini?" Nikamweleza habari za Bohari ya Dawa na za mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeidhinishwa, kwamba kituo kikikosa dawa bohari kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, na kwamba huenda fedha za kituo zilikuwa hazijaingia. Alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaenda zake. Mwaka uliofuata hakuihuisha kadi, na wifi zake wawili wanaoishi kihamba kinachofuata hawakuzihuisha za kwao.

Msomaji mwenzangu anasema basi tuanze na dawa, watu watakuja wenyewe. Ningependa iwe hivyo. Lakini dawa hununuliwa kwa fedha, na sehemu ya fedha hizo inatakiwa itoke kwa wanachama, ambao hawaji kwa sababu dawa hazipo. Duara hili halifunguki kwa kusukumwa kidogo mahali pamoja. Ukileta maboksi ya dawa mwezi huu watakuja wagonjwa wa kijiji kile na wa vijiji vya jirani, rafu zitakuwa tupu kabla mwezi haujaisha, na yule mjane atarudi dukani. Fedha inatakiwa iwe nyingi, iwe ya uhakika, na iwe imefika kituoni kabla ya mgonjwa, na hilo haliwezekani mpaka wazima na wagonjwa, wenye mishahara na wenye migomba, wawe katika mfuko mmoja.

Marekebisho mengine ya kiasi tuliyoyazoea ni misamaha. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za Serikali mwaka 1993, sera imewasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi kama kifua kikuu. Ni sera ya utu na naiheshimu. Kasoro yake ni kwamba msamaha hutangazwa bila kuambatana na fedha ya kumfidia aliyetoa huduma. Kituo kinachowahudumia wasamehewa wengi ndicho kinachoishiwa haraka, na mganga mfawidhi ambaye hana nia mbaya na mtu yeyote anajikuta akimpa mzee huduma ya bure isiyokuwa na dawa ndani yake.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu kwenda kumtoa mama yake katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mama alikuwa amepona na ameruhusiwa tangu Jumatatu, lakini deni lilikuwa halijalipwa, kwa hiyo hakutoka. Tukaenda ofisi ya ustawi wa jamii, tukaambiwa tulete barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha hali ya familia. Tulipoileta ilionekana haina mhuri wa kata. Tulipopata mhuri ilikuwa Alhamisi, na gharama ya kitanda kwa siku zile tatu ilikwisha ongezwa katika deni lile lile tulilokuwa tukiliombea msamaha. Afisa ustawi wa jamii alikuwa mtu mwema. Alitueleza kwamba maombi aliyonayo mezani ni mengi kuliko anachoruhusiwa kusamehe. Mwishowe deni lilipunguzwa, na kilichobaki kililipwa na kundi la WhatsApp la ukoo wao. Mama yule alikaa siku tatu katika kitanda ambacho mgonjwa mwingine alikuwa akikihitaji, akiwa amevaa nguo zake za safari, na mfuko wake wa vyombo uko sakafuni miguuni pake.

Kwa watu wengi wa Kilimanjaro kundi lile la WhatsApp ndilo bima halisi kwa sasa. Sisi tunajua kuchanga. Tunachangia harusi, kipaimara na msiba, na mgonjwa akilazwa linafunguliwa kundi, anateuliwa mweka hazina, na majina yanaanza kuorodheshwa pamoja na ahadi zake. Mwaka juzi nilijumlisha nilichokitoa mimi peke yangu kwa ajili ya wagonjwa wa ukoo na wa mtaani, nikapata shilingi 215,000, zaidi ya mara saba ya kadi niliyokuwa nikiwaomba watu waikate. Kwa hiyo anayesema kwamba wananchi hawako tayari kuchangia afya zao hajaangalia simu zao. Wanachangia sana, ila wanachangia ng'ombe akiwa ameshauzwa, na mchango wenyewe hufuata ukubwa wa ukoo na mifuko ya waliomo. Mjane wa maziwa ana kundi lake pia. Lina watu kumi na wanne, na wote wanauza maziwa.

Sasa niende kwenye hoja yake nzito kuliko zote, ambayo ni Kenya. Tarehe 1 Oktoba 2024 wenzetu waliiweka kando NHIF yao, bima yao ya taifa yenye kifupisho sawa na cha kwetu, iliyoanzishwa mwaka 1966, wakaanza mpango mpya chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa makato ya asilimia 2.75 ya kipato. Sisi tunaoishi karibu na Namanga na Holili tuna ndugu upande wa pili, na tulisikia habari zake kwa masikio yetu. Mfumo wa kompyuta ulikuwa haujatulia, wagonjwa wa kusafishwa damu walihangaika kutoka dirisha moja hadi jingine, na hospitali zikawa zinadai malimbikizo ya mfuko uliofutwa. Mkulima na mchuuzi walihojiwa maswali ili kipato chao kikadiriwe, kisha wakatakiwa walipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja. Msomaji mwenzangu anatumia habari hizo kama onyo, na ni onyo la haki.

Hata hivyo ninapoyatazama yaliyotokea kule sioni kwamba kosa lilikuwa kumkusudia kila Mkenya. Kosa lilikuwa kuhama usiku mmoja kutoka mfumo hadi mfumo, madeni ya zamani yakiwa hayajalipwa, na kutegemea mama mboga alipe bima kama anavyolipa mwenye mshahara. Ukubwa wa mageuzi na haraka ya mageuzi ni mambo mawili, na barua yake inayachanganya tangu mwanzo hadi mwisho. Rwanda ilichukua miaka kadhaa kuujenga mfumo wake wa mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii, lakini tangu mapema lengo lilikuwa kila kaya, kujiunga kukawa wajibu wa kisheria, na kaya maskini kabisa zikalipiwa na Serikali. Leo zaidi ya asilimia 80 ya wananchi wao wamo. Kwetu, wakati muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa ukijadiliwa, idadi iliyokuwa ikitajwa ni kama asilimia 15, baada ya zaidi ya miaka 20 ya NHIF na CHF.

Alitukumbusha pia kwamba nchi hii ilikwisha jaribu mageuzi makubwa ya afya baada ya Azimio la Arusha, na kwamba mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara, marufuku ambayo ililazimika kuondolewa mwaka 1991. Marufuku ile lilikuwa kosa, na sina nia ya kuitetea. Lakini miaka hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, pamoja na zahanati na vituo vya afya vijijini ambavyo vingi tunavitumia hadi leo. Hapa Kilimanjaro tunajua jambo jingine ambalo huenda Arusha wanalijua pia. Serikali haikuhitaji kubomoa hospitali za makanisa ili huduma iwafikie wengi. Katika wilaya nyingi ilikubaliana nazo zikawa hospitali teule za wilaya. KCMC yenyewe, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, imejengeka juu ya ushirikiano wa namna hiyo kati ya kanisa na Serikali. Mageuzi yanaweza kumfikia kila mtu na bado yakatumia majengo, madaktari na masista wale wale waliopo.

Wengine hupenda kutoa mfano wa Marekani, kwamba hata taifa tajiri kama lile limekwenda hatua kwa hatua. Ni kweli limekwenda hivyo. Mwaka 1965 liliwapatia bima wazee wa miaka 65 na zaidi, mpango mpana wa Rais Bill Clinton ulikwama mwaka 1994, watoto wa familia zenye kipato kidogo wakapewa mpango wao mwaka 1997, na sheria kubwa ya Rais Barack Obama ikapita mwaka 2010. Baada ya hatua hizo zote mamilioni ya Wamarekani bado hawana bima. Uingereza ilianza huduma yake ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, ikiwa bado inawagawia watu chakula kwa mgawo kutokana na vita, na haikungoja kwanza itajirike.

Fedha ndilo eneo ambalo watetezi wa mageuzi makubwa, mimi nikiwamo, tulikosea sana. Mwaka 2022 muswada ulipofikishwa bungeni, kiwango kilichotajwa kwa kaya ya watu sita kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka, na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Nilikuwa bado nazunguka na simu yangu. Kaya niliyokuwa nikiibembeleza kwa shilingi 30,000 ilikuwa imesikia redioni kwamba itatakiwa kutoa zaidi ya mara kumi na moja ya hizo, na kwamba asiyekuwa na bima angekwama kwenye leseni ya udereva au leseni ya biashara. Watu walifunga milango. Hata kiwango hicho kikishushwa hadi chini ya nusu, mkulima wa migomba na kahawa hawezi kukilipa kwa tarehe moja, maana fedha ya kahawa huja kwa msimu, na Januari ada za shule huwa zimekwisha kuitangulia.

Ndiyo maana naona sehemu muhimu kuliko zote ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, ni ile inayoanzisha mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo na kuutajia vyanzo vyake: sehemu ya ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, tozo ya bima za magari na kodi ya miamala ya kielektroniki. Hapo ndipo ningetaka mjadala wote uhamie. Ghana ilipotunga sheria yake mwaka 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 inayoambatana na kodi ya ongezeko la thamani, na sehemu kubwa ya mapato ya bima yao hutoka huko, kwa hiyo anayenunua sabuni Kumasi anakuwa ameilipia bima bila kubishiwa hodi na mwandikishaji. Soda na bia zinanyweka kila kijiji cha mkoa huu. Kijana wa bodaboda aliyeninyima elfu thelathini anakunywa soda, anatuma fedha kwa simu, na pikipiki yake inatakiwa iwe na bima. Atachangia akiwa mzima, kidogo kidogo, siku asiyojua kwamba anachangia, na siku atakayoanguka barabarani jina lake litakuwa limo.

Nafahamu kwamba ushuru peke yake hautoshi. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, nasi ahadi hiyo hatujaifikia. Tumeziba pengo kwa miaka mingi kwa misaada, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake sote tulipata hofu kwa ajili ya huduma za Virusi vya Ukimwi. Pengo hilo tutalilipa sisi, iwe kwa kodi tukiwa wazima au kwa kuuza ng'ombe tukiwa hospitalini.

Nina hofu zangu kuhusu utekelezaji, na sitazificha kwa sababu tu nipo upande wa sheria hii. Ya kwanza ni malipo kwa vituo. Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwapokea wanachama wa NHIF kutokana na mvutano juu ya bei za kitita kipya cha huduma, na wagonjwa wenye kadi halali mikononi wakarudishwa getini. Hilo likitokea wakati nchi nzima imo katika bima, halitakuwa tena mvutano wa bei. Kanuni ziweke idadi ya siku ambazo dai la kituo lazima liwe limelipwa, na kila robo mwaka ubandikwe katika mbao za matangazo za halmashauri muhtasari wa kiasi kilichoingia kutoka katika kila ushuru na kiasi kilichofika kwenye kila kituo. Kamati za vituo zijue fedha imefika lini. Nilipomwambia yule mjane kwamba huenda fedha haijaingia, nilikuwa nakisia, na mwandikishaji hapaswi kukisia mbele ya mtu aliyelipa.

Hofu ya pili inatoka katika kaya ya tano ya daftari langu. Ni ya bibi anayewalea wajukuu sita, baada ya binti zake wawili kufariki, na anaishi pia na mwanawe wa kiume mwenye kifafa. Aliwapanga watoto ukutani kwa ajili ya picha, akiwa amewaosha nyuso na kumvisha mdogo wao sweta ya shule. Nilihesabu nikakuta wako wanane, nikamweleza kwamba kadi ni ya watu sita. Aliniuliza awaache nani. Sikuwa na jibu, nikakaa kimya kwenye benchi. Aliwatazama kwa muda, akamwondoa mjukuu wake mkubwa wa miaka kumi na sita kwa sababu ana nguvu, kisha akajiondoa yeye mwenyewe. Nilipiga picha sita na kupokea fedha.

Ukomo ule wa watu sita ulikuwa wa CHF, na ulirudi katika viwango vilivyotajwa mwaka 2022. Nawaomba wabunge wetu wa Kilimanjaro na Arusha waone kwamba kanuni zinahesabu kila anayeishi katika kaya, hasa pale bibi anapolea yatima, na kwamba gharama ya wanaozidi inalipwa na ule mfuko wa wasio na uwezo. Na msomaji mwenzangu wa Arusha, ambaye naamini anawajali watu hawa kama ninavyowajali mimi, namkaribisha Moshi tukae na daftari hili, anioneshe ni kaya ipi kati ya hizi kumi na moja ingekuwa salama chini ya mpango wake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwandikishaji wa zamani wa CHF,
Moshi Vijijini, Kilimanjaro.